Gimbi Lililooza Likiwa Limesimama

Uongo wangu mkubwa kuliko yote niliusema nikiwa na miaka sitini na mmoja, tena niliusema kisimani, mahali ambapo maneno hufika majumbani kabla ya maji. Nilisema gimbi langu limeoza.

Kabla hujanihukumu, lijue kwanza gimbi lenyewe.

Hapa Tabiteuea udongo haukuumbwa, ulitengenezwa. Kisiwa chetu ni mfupa wa matumbawe, chembamba kiasi kwamba ukipiga chafya upande wa bahari kuu, aliye upande wa bahari ya ndani anakuombea afya. Wazee wetu waliuchimba mwamba huo kwa magamba ya chaza, wakashuka mpaka wakayakuta maji baridi yanayoelea juu ya maji ya chumvi, kisha wakaanza kutia majani. Jani juu ya jani, baba kwa mwana, mpaka mwamba ukazaa tope jeusi. Wenye mito na milima waliikuta tu mito na milima yao. Sisi tope letu tunamjua kwa jina aliyelianza, na mimi nikishuka shimoni huwa namsalimia.

Kila ukoo una shimo lake la magimbi na siri yake. Siri ya kwetu ni majani ya aina nne, yaliyokaushwa, yakakatwakatwa, yakatiwa ndani ya kapu lisilo na kitako linalozunguka shina. Matatu kila mtu anayajua. La nne usiniulize.

Gimbi ninalolisema lilipandwa na baba yangu, Ten Uriam (kwetu Ten ni bwana, Nei ni bibi), miaka kumi na miwili iliyopita, mwezi mmoja kabla ya kufa. Alishuka shimoni akishikwa mkono na mdogo wangu Baraniko, akalifukia mwenyewe, akasema, "Hili lisiguswe mpaka paa la maneaba liezekwe upya." Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Zamani alikuwa, lakini maneaba ilimnyamazisha.

Maneaba ni jumba la kijiji chetu cha Tekaman. Paa lake kubwa la majani ya mkadi limeinama karibu na ardhi, ukuta hakuna, na kila ukoo una nguzo yake ya kuketi. Penye nguzo ya mwenzio hukai, hata mvua ikunyeshee. Miaka thelathini na minne iliyopita, mwaka wa ukame, jumba hilo lilifunguliwa upya, na kila nguzo ikaleta magimbi mbele ya wageni. Baba alileta mawili, madogo, kila moja kama ngumi. Ndiyo yaliyokuwepo. Ten Kaiuea, mkuu wa nguzo inayotazamana na yetu, akainua shingo akauliza, "Uriam, hayo ni magimbi au mayai ya kuku?"

Jumba zima likacheka. Baba akayaweka chini, akarudi kuketi, na tangu siku hiyo hakusema neno lolote ndani ya maneaba. Baba alipokufa, Baraniko alirithi nafasi yake, akaurithi na ukimya. Baraniko ni mgema. Alfajiri akiwa juu ya mnazi huimba mpaka ng'ambo ya pili wanamsikia. Lakini akiingia maneaba anaketi kama jiwe. Kisiwani kwetu mtu anaweza kupona kisu, kicheko hakiponi.

Sasa umeelewa nilikuwa nalinda nini. Halikuwa chakula. Miaka kumi na miwili nililitilia majani gimbi lile kila mwezi mpya, nikijua siku moja litawekwa mbele ya Ten Kaiuea, naye atanyamaza, na nguzo yetu itasema.

Februari mwaka huu bamvua likapanda. Maji yalivuka barabara, yakapita katikati ya nyumba, yakaingia mashimoni upande wa kusini. Shimo la Ten Kaiuea likajaa chumvi. Katika wiki mbili majani yake yaligeuka manjano, na ukivuta shina linakuja mkononi, laini, linanuka. Shimo letu liko juu kidogo, likasalimika. Namshukuru yule wa kwanza aliyelichimba pale.

Maneaba ilikuwa iezekwe Aprili. Wanakijiji wa Tebuange, majirani zetu, wangekuja siku tatu kusaidia kufuma majani na kupanda paani, na siku ya nne ni karamu. Na desturi ni hii: gimbi la kwanza mbele ya wageni huwekwa na nguzo ya Ten Kaiuea. Ndiyo kazi yao tangu enzi. Wakikosa, kazi hiyo inahamia nguzo nyingine, na ikihama hairudi. Mzee sasa ana miaka themanini na minane na macho yamemwishia. Mzigo wote ulikuwa juu ya binti yake, Nei Kinaai.

Mimi na Kinaai tumezaliwa mwaka mmoja, tunachota kisima kimoja. Tulicheza pamoja, tukafundishwa kusuka mikeka pamoja. Baada ya kile kicheko tulisalimiana kama watu wanaopishana mlangoni pa kanisa, kwa miaka thelathini na minne.

Wiki moja kabla ya ugeni nikasikia kwamba Kinaai anajiandaa kuja kuniomba.

Hapo moyo ulinipasuka, maana kwetu kuombwa si mchezo. Tunaita bubuti. Ndugu au jirani akija, akaketi, akasema "nakuomba", basi mambo yamekwisha. Iwe nguruwe, baiskeli, hata mtoto wa kulea. Ukisema hapana, hiyo hapana itakaa nyumbani kwako muda mrefu kuliko kitu ulichokinyima. Ndiyo maana mtu akinunua redio huifunga ndani ya mkeka, na shati lako likisifiwa unaanza kuliaga. Tunanung'unika, tunafichaficha, lakini nitakuambia kweli: kwa desturi hiyo Tekaman haijawahi kuwa na nyumba iliyoshiba na jirani yake analala njaa. Naipenda. Siku ile niliichukia.

Kwa hiyo nikaenda kisimani asubuhi, wakati wanawake wamejaa, nikatua ndoo, nikavuta pumzi. "Mwenzenu nimekwisha," nikasema. "Chumvi imefika mpaka kwangu. Gimbi la baba limeoza."

Walinipa pole nyingi. Kuna aliyetokwa machozi. Nikarudi nyumbani nikiwa na ndoo nusu, sikungoja ijae.

Baraniko alinikuta nachambua majani ya mkadi. Alitundika vifuu vyake vya tembo la mnazi, akachuchumaa.

"Dada, nimesikia tumefiwa."

"Na gimbi, ndiyo."

"Mbona leo asubuhi nikiwa juu nimeona majani yake yako wima, mtu mzima anaweza kusimama chini yake akajikinga jua?"

"Mgema mwenye adabu hatazami shimo la mtu."

"Hatazami," alisema Baraniko. "Anaona."

"Wewe ni ndugu yangu. Utanyamaza."

"Mimi kunyamaza ndiyo kazi niliyorithi," alisema, akachukua kifuu kimoja akaenda zake. Nilitamani kumrushia kitu. Sikukipata kwa haraka.

Siku mbili zikapita. Siku ya tatu alasiri nilikuwa ulingoni, jukwaa letu la kupumzikia mbele ya nyumba, nasuka, nikamwona Kinaai anakuja na kapu la makuti kiunoni. Nilijiambia nitulie. Uongo umeshasemwa, na mtu haombwi kilichooza; siku ya karamu nikilitoa, muda wa kuomba utakuwa umepita.

"Shoga, upo?"

"Nipo. Panda, karibu."

Alipanda ulingoni, akaketi, akaliweka kapu katikati yetu. Kwanza tulizungumza habari za kuku wake. Halafu za paa. Halafu akasema, "Nimesikia gimbi la mzee Uriam."

"Ndiyo hivyo."

"Limeoza lote?"

"Lote. Tope tupu."

"Pole, mwenzangu."

"Nimeshapoa."

Akatazama baharini kidogo. "Sikufichi, nilikuwa nije nikuombe lile. Nilijipanga siku tatu. Nikaoga, nikapaka mafuta, nikasema leo ndiyo leo. Kukuomba wewe kazi, una uso kama kaa aliyekanyagwa."

"Na wewe wako ukoje?"

"Wangu umezeeka tu, haujakanyagwa. Basi nimeshaoga, nimeshavaa, nasikia limeoza. Nikakaa chini."

Nilikuwa nasuka vibaya, ukindu unanipita vidoleni.

"Kona moja ya shimo letu, ile penye jiwe, maji hayakufika sana," Kinaai aliendelea. "Nimechimbachimba nikapata manne. Mtu hawezi kujisifu nayo, lakini ni mazima." Akafungua kapu. "Mawili yako, mawili yangu. Nguzo yenu isiingie mikono mitupu, na yetu isiingie mikono mitupu."

Nikatazama ndani ya kapu. Yalikuwa madogo, kila moja kama ngumi.

"Watatucheka," nilisema.

"Watucheke sote wawili. Kicheko cha watu wawili ni chepesi kubeba."

Akayatoa mawili, akayapanga juu ya mkeka wangu, akayafuta tope kwa upindo wa kikoi chake. Kisha akashuka ulingoni na kapu lake, anatembea polepole kwa sababu ya goti. Nilimtazama mpaka akapotea nyuma ya mishelisheli. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Nimemwibia mtu, na yeye kaniletea nusu ya alichobakiwa nacho.

Baraniko aliposhuka mnazini jioni aliyakuta pale pale. Hakuuliza yametoka wapi. Alichukua moja akaliweka kiganjani, akalipima uzito.

"Baba aliyabeba hivihivi," alisema. "Mimi nilikuwa nyuma yake. Mawili, kwenye kapu la makuti."

"Kesho asubuhi chukua mtaimbo," nikamwambia. "Tunalichimba."

"Karamu bado wiki nzima."

"Tunalipeleka kwa Kinaai."

Akaliweka lile gimbi chini taratibu. "Dada. Litaingia maneaba kwa nguzo ya Kaiuea. Litasemwa ni la Kaiuea."

"Najua."

"Miaka kumi na miwili—"

"Nimesema najua, Baraniko. Usinihesabie."

Asubuhi tulishuka shimoni. Nilimsalimia wa kwanza, kama kawaida, halafu nikamsalimia baba. Tulichimba kwa mikono zaidi kuliko kwa mtaimbo, kwa sababu mtu halijeruhi gimbi kama hilo. Jua likapanda, tope likatufika mapajani. Lilipoachia, liliachia lote kwa pamoja, na Baraniko akaanguka chali huku amelikumbatia. Tulilisafisha kwa maji ya shimo. Lilikuwa refu kama mtoto wa miaka minane na nene kuliko kiuno changu, bila donda hata moja, ngozi yake imejipanga duara kwa duara. Nililia. Haikuwa huzuni. Lilikuwa zuri tu, na mikono iliyolipanda haipo kuliona.

Tukalifunga kwenye mti wa kubebea, Baraniko mbele, mimi nyuma, tukapita nalo katikati ya kijiji mchana kweupe. Njia nyingine hakuna, kisiwa chenyewe ndiyo njia. Kisimani palikuwa na wanawake saba. Ndoo zikasimama.

"Nei Teraaka," aliita mmoja, "hilo ndilo lililooza?"

"Ndilo hilo."

"Na yakiwa mazima kwenu yanakuwaje?"

Kicheko kikatusindikiza mpaka kwenye mishelisheli. Nikatembea nacho. Safari hii nilikistahili.

Kinaai alikuwa anafagia uwanja wake, anakusanya majani. Alituona kwa mbali, akaegemea ufagio, akangoja tutue mzigo.

"Limefufuka," alisema.

"Nilidanganya."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ileile uliyosema. Mume wangu anagema mnazi wa tatu kutoka shimo lako. Alishuka akaniambia, gimbi la Teraaka limeoza likiwa limesimama, majani yamefika karibu na miguu yangu."

Nilisahau. Miaka yote naishi na wagema, nina mgema nyumbani, nikasahau kwamba kila asubuhi na kila jioni nusu ya wanaume wa Tekaman wako juu angani, wanakiona kijiji kizima kama mkeka uliotandikwa. Kijiji chote kilijua. Wote walionipa pole walikwenda kwao kula na waume zao, na waume zao waliwaambia. Na hakuna aliyenitolea siri mpaka nilipoitoa mwenyewe.

"Ulijua," nilisema, "na bado ukaniletea mawili?"

"Nilijua na sababu yako." Kinaai aliuweka ufagio chini. "Siku ile nilikuwepo, Teraaka. Nimekaa nyuma ya baba yangu. Na mimi nilicheka. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na nilicheka mpaka nikashika tumbo, halafu nikakuona wewe upande wa pili unanitazama. Ningekuja kukuomba gimbi hili, ungenipa, nami ningekuwa nimekucheka mara mbili. Kwa hiyo uliposema limeoza, kwa kweli nilipumua."

Baraniko alikuwa anautazama mnazi wa jirani kana kwamba hajawahi kuona mnazi.

Basi nikaketi. Niliketi pale uwanjani, kwenye changarawe, miguu nimekunja kama inavyotakiwa. Kinaai alipoona nimeketi hivyo, uso ulimbadilika.

"Kinaai," nikasema, "nakuomba."

"Unaniomba mimi? Nina nini mimi?"

"Nakuomba upokee gimbi hili mliweke mbele ya wageni, kwa nguzo yenu, liwe la kwanza."

"Hilo si ombi. Hiyo ni zawadi imeazima nguo ya ombi."

"Nimeketi, nimesema nakuomba. Kataa uone."

"Mwanamke mbaya wewe."

"Kataa."

"Nani kasema nakataa?" Akaketi na yeye, mbele yangu, akishika goti lake bovu. Alicheka, akajifuta macho, akacheka tena. Halafu akanyamaza ghafla, akakunja miguu vizuri. Nikajua nimekwisha.

"Teraaka, na mimi nakuomba."

"Kinaai, usinifanyie hivyo."

"Shimo letu litasafishwa na mvua, mwaka, miaka miwili. Nitaanza upya. Nakuomba kichwa cha gimbi hili nikipande. Na nakuomba jani la nne."

Ukimwomba mtu, jiandae. Mama alinifundisha hilo kabla ya kunifundisha kutembea. Nilimtazama Baraniko, Baraniko akautazama mnazi. Siri ile ilipita kwa vizazi saba bila kuvuka mpaka wa shimo letu. Nikainama, nikamnong'oneza sikioni.

Kinaai alijivuta nyuma. "Hilo? Hili ninalofagia kila siku asubuhi?"

"Hilohilo."

Akalitazama rundo alilokusanya kwa ufagio. "Miaka yote nalichoma," alisema.

Siku ya karamu paa jipya lilinukia. Hakuna harufu ninayoipenda kama majani mabichi ya mkadi yaliyoanza kukauka juu ya vichwa vya watu wengi. Wageni wa Tebuange waliketi upande wa kaskazini, viganja vyao vimechanika kwa kazi ya siku tatu kwenye jumba ambalo si lao, na wanacheka. Kila ukoo ukaketi kwenye nguzo yake. Baraniko aliketi mahali pa baba. Mimi nyuma yake, na mbele yetu magimbi yetu mawili kama ngumi, juu ya jani.

Wanaume wanne wa nguzo ya Ten Kaiuea wakaingia na gimbi la kwanza. Nilisikia mgeni mmoja akivuta hewa kwa meno. Wakalitua katikati, na mimi nikatazama chini, maana nilikuwa nimeshajiandaa kusikia jina la Kaiuea na sikutaka mtu aone uso wangu.

Lakini Ten Kaiuea mwenyewe akataka kuinuliwa. Kinaai alimshika upande huu, mumewe upande ule, wakamleta mpaka katikati. Mzee akapiga magoti, akaliwekea gimbi viganja. Alilipapasa kuanzia kichwani mpaka mwisho, bila haraka, kama mtu anayemtafuta anayemjua. Ilichukua muda mrefu.

"Hili si la shimo langu," alisema. Sauti yake ni nyembamba siku hizi, lakini paa jipya linarudisha sauti vizuri. "Shimo langu lina chumvi. Na hata lilipokuwa zima, mkono wa kukuza hivi sijawahi kuwa nao. Hili ni la Uriam. Binti yake kaketi uwanjani kwangu akaomba tulipokee, na desturi haituruhusu kukataa."

Wageni walitazamana. Wenyeji hawakutazamana.

"Mwaka wa ukame," mzee aliendelea, "nilimuuliza Uriam kama ameleta mayai ya kuku. Mlicheka. Nilifurahi sana mlipocheka. Mwaka ule shimoni kwangu nilikuwa na magimbi kumi, na sikumpelekea hata moja." Akapumzika. "Leo nimeshika kilichoanguliwa."

Kisha akageuka. Haoni, lakini nguzo za maneaba hazihitaji macho. Aligeukia yetu moja kwa moja.

"Mwana wa Uriam, nataka kusikia nguzo hiyo ikisema kabla sijafa. Nakuomba."

Nilimwona Baraniko mgongo unakakamaa. Ombi halikataliwi. Alisimama, mtu wa miaka hamsini na saba, na mikono haijui ikae wapi. Nilidhani atasema juu ya baba, juu ya ukame, maneno marefu yaliyolala miaka thelathini na minne. Akafungua mdomo, ukafungika. Akaufungua tena.

"Lipikeni basi," alisema. "Baba hakulipanda litazamwe."

Jumba zima likacheka. Lilicheka kuanzia nguzo ya kwanza mpaka ya mwisho, wenyeji kwa wageni, na Ten Kaiuea akicheka kuliko wote, amelilalia gimbi, mabega yanatikisika. Baraniko alikuwa bado amesimama, anashangaa, halafu na yeye akacheka. Kicheko ni kilekile na jumba ni lilelile, na safari hii tulikuwa ndani yake.

Nilimtafuta Kinaai kwa macho upande wa pili. Alikuwa ananitazama, ameshika tumbo. Nikanyanyuka nikaenda kutafuta shoka, kwa sababu gimbi la namna ile kisu hakiliwezi.